Siku Mzee Shaba Alipokuja Kusikiliza

Pumzi alipanda ngazi za studio roho ikiwa juu juu. Hofu ya jukwaani alikuwa ameizoea, kwa kuwa msichana anayepuliza saksafoni mbele za watu tangu utotoni hujifunza kuimeza pamoja na mate. Hii ya leo ilikuwa ya aina nyingine. Haikujali kwamba alikuwa amevaa gauni lake la buluu wala kwamba alikuwa anakwenda kwa mtu anayempenda.

Saa kumi baba yake angefika hapo, na baba yake hakuwa mtu wa kuja tu. Alikuwa Mzee Shaba, mpiga tarumbeta, yule ambaye zamani aliingia na wenzake watatu kwenye ghala la magunia, kwa kuwa hakuna studio iliyowataka, wakatoka na albamu moja ya jazi iliyoitwa Sauti za Ghalani. Albamu moja tu. Lakini wapenzi wa jazi waliishika kama yai. Wazee walikuwa bado wanabishana juu ya wimbo wake wa tatu mpaka chai inapoa. Sasa ilikuwa inatolewa upya kwa santuri, na kazi ya kuzisafisha zile tepu za zamani alikuwa amepewa fundi wa sauti mmoja, kijana aliyeitwa Sikio.

Sikio ndiye aliyetaka kumwoa Pumzi.

Mama yake Pumzi alikuwa ameshakubali tangu zamani, kwa sababu Sikio alikuwa anamaliza chakula na kusifu. Kigingi kilikuwa Mzee Shaba. Kabla ya kuwa fundi, Sikio alikuwa amepiga gitaa katika bendi ya roki, akisimama kila wiki pembeni ya spika ndefu kama makabati, na Mzee Shaba aliwaona watu wa roki kama watu waliokuja kuvunja nyumba wakadai wanaipamba.

"Maneno ya mezani hayanipi kitu," alikuwa amemwambia binti yake. "Kila mwanamume ana maneno. Mwambie aniite siku akimaliza albamu yangu. Jinsi alivyoishika, ndivyo atakavyokushika wewe. Nitakaa, nitasikiliza, halafu nitasema ndiyo au nitasema hapana. Na nikisema hapana, mama, usinililie."

Kwa hiyo leo ndiyo ilikuwa posa yenyewe, ila mwenye kuposa alikuwa anasemewa na spika mbili.

Sikio alimfungulia mlango kabla hajagonga. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe lililonyooshwa, na vidole vyake vilikuwa vinacheza kwenye vifungo kana kwamba navyo ni vya mashine.

"Umewahi," alisema.

"Nimeshindwa kukaa nyumbani. Baba anapiga viatu rangi tangu asubuhi. Viatu hivyohivyo."

"Amesema nini?"

"Hajasema. Akikaa kimya hivyo mimi naogopa."

Alimvuta ndani, wakasimama karibu karibu katika kile chumba kidogo chenye mazulia ukutani. Ukutani kulikuwa na picha mbili zilizotundikwa pamoja: Hendrix wa roki na gitaa lake, ya Sikio, na Coltrane wa jazi na saksafoni yake, ambayo Pumzi aliileta na kuigongomea mwenyewe siku waliyokubaliana kwamba hawataachana. Walikuwa wamecheka sana siku ile. Walisema hizo ndizo pande mbili za ukoo.

"Nimekuwekea kiti," Sikio alisema. "Kile cha katikati, pale sauti inapokutana. Nataka wewe usikie kwanza kabla ya mzee. Mjumbe wa kiwanda naye anakuja jioni hii kuchukua tepu, mzee akishakubali. Kesho inaanza kuchapwa."

"Kesho?"

"Kesho. Ikitoka hapa haiwezi kurudi. Kaa, mpenzi. Kaa usikie baba yako alipokuwa kijana."

Alikaa. Sikio alibonyeza, na tepu ikaanza kuzunguka.

Besi iliingia kwanza, pana na safi kuliko alivyowahi kuisikia kwenye santuri chakavu ya nyumbani. Piano ikafuata. Pumzi akaanza kutabasamu. Hapo ndipo mpiga dramu alipoyagusa matoazi, zile sahani zinazolia juu, na Pumzi akaruka kwenye kiti.

Sauti ile ilimkata. Matoazi yalikuwa yanachanika kama mabati yanayokokotwa juu ya saruji. Tarumbeta la baba yake lilipoingia lilikuwa na makali ambayo baba yake hajawahi kuwa nayo hata siku moja maishani, wala kwa hasira. Alikunja uso. Alisubiri, akidhani ni mwanzo tu. Haikuwa mwanzo tu. Wimbo mzima ulikuwa hivyo, na meno yalimwuma.

Akageuka amtazame Sikio.

Sikio alikuwa amefumba macho. Kichwa kilikuwa kinayumba taratibu, na usoni alikuwa na furaha ya mtu aliyefika nyumbani.

Ukweli ulimjia Pumzi wote kwa mkupuo mmoja. Tepu ikizeeka, sauti zake za juu hufifia, na kazi ya fundi ni kuzirudisha. Azirudishe kiasi gani? Hapo hakuna mzani ila masikio ya fundi. Alikuwa ameongeza, akaona bado. Akaongeza tena, akaona bado. Mtu huyu aliyeitwa Sikio kwa sababu aliweza kusema kutoka mwisho wa ukumbi ni uzi upi wa gitaa umelegea, alikuwa ameketi mbele ya kelele ile na hakuwa anaisikia.

Na mengine yakaja yakijipanga. Simu iliyolia mezani mpaka ikakata. Siku aliyomwita kutoka jikoni mara tatu na yeye akaendelea kusoma, wakagombana, akamwita mwenye kiburi. Birika lililokuwa linapiga mluzi hadi maji yakakauka.

"Zima," alisema.

Sikio alifumbua macho. "Umependa?"

"Zima kwanza."

Alizima.

"Nini? Besi imezidi?"

"Matoazi, Sikio. Umeyasikia matoazi?"

"Nimeyasikia. Yako laini, kama alivyoyapenda mzee. Labda niyaongeze kidogo, nilikuwa naogopa..."

"Usiongeze!" Sauti yake ilipanda kuliko alivyotaka. "Usiguse kitu. Yamezidi. Yananitoboa masikio. Tarumbeta la baba linalia kama king'ora."

Sikio akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayesogea nyuma huku anataka aonekane amesimama. "Mpenzi, wewe unapiga saksafoni. Mimi hii ndiyo kazi yangu. Masikio haya ndiyo yanayonilisha."

"Najua."

"Basi usinifundishe."

"Sikufundishi. Nakuuliza. Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usijifanye hamnazo, Sikio. Si kwangu."

Alimwona akitazama mlango, kisha meza, kisha mikono yake mwenyewe.

"Kuna mluzi," Sikio alisema mwishowe, taratibu. "Humu ndani. Hauishi. Nilidhani ni uchovu. Nikaenda kwa daktari wa masikio bila kukuambia. Akanifungia chumbani, akanipa kitufe, akasema bonyeza ukisikia. Nikakaa na kitufe changu nasubiri aanze. Nasubiri tu. Kumbe alikuwa ameshaanza kitambo."

"Mungu wangu."

"Ni zile spika za roki. Anasema masikio hufa kuanzia juu. Kwanza matoazi, ndege, mluzi wa birika."

"Halafu?"

Sikio aligeuza macho kwenye picha ya Coltrane.

"Halafu nini, Sikio?"

"Halafu sauti za wanawake."

Pumzi aliziba mdomo kwa mkono. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga, vyote pamoja. "Na hukuniambia! Unanichumbia, unamwita baba yangu, na jambo hili umelikalia!"

"Ningekuambiaje? Nikisema, wateja wote watajua. Fundi wa sauti asiyesikia, nani atampa kazi? Nitamwaga unga. Na baba yako atanipa wewe kwa lipi? Nilisema nimalize hii moja. Moja tu. Nikupate kwanza, halafu..."

"Halafu nigundue mwenyewe nikiwa ndani?"

"Niliogopa," Sikio alisema. "Sina jibu jingine. Niliogopa."

Walitazamana. Machozi yalikuwa yamemjaa Sikio machoni lakini hayakudondoka, na Pumzi alijua hakuwa na muda wa kulia wala wa kugomba. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi. Alisimama, akaenda kwenye meza ya sauti.

"Kitufe kipi kinapunguza? Nionyeshe. Nitapunguza mimi kwa masikio yangu, baba akija atakuta imekaa sawa. Mengine tutayazungumza baadaye. Kipi?"

"Hicho cha kushoto. Hapana, kinachofuata."

Mkono wake ulikuwa umeshakigusa kitufe mlango ulipogongwa, mara tatu, kwa ncha ya mkongojo. Ukafunguliwa bila kusubiri, maana Mzee Shaba hakuwahi kusubiri mlango.

"Toa mkono hapo, mama," alisema. "Nimekuja kusikia kazi ya mwanamume huyu. Ya kwako naijua."

Mkono ukarudi wenyewe, kama wa mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

"Shikamoo, mzee," Sikio alisema.

"Marahaba." Mzee Shaba alikitazama chumba, akaitazama picha ya Hendrix kwa muda mrefu kidogo, akaguna. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Alikikung'uta kiti cha katikati kwa leso ingawa kilikuwa safi, akaketi, mkongojo katikati ya magoti. "Haya. Sikuja kunywa chai."

Sikio alimtazama Pumzi. Alikuwa anaomba kitu kwa macho, labda ruhusa, labda msamaha. Pumzi hakuwa na cha kumpa. Alisogea mpaka ukutani, akauegemea, na Sikio akabonyeza.

Besi. Piano. Matoazi yakaanza kukata, na Pumzi akafumba macho kwa maumivu, akisubiri mkongojo ugonge sakafu, akisubiri lile neno hapana. Alijua litakavyosikika. Baba yake alikuwa na namna ya kulisema kama anafunga dirisha.

Neno halikuja.

Alifumbua jicho moja. Baba yake alikuwa ameinama mbele. Chozi, chozi hasa, lilikuwa linashuka kwenye shavu lile lililowahi kupulizia maelfu ya watu. Pumzi alikuwa hajaliona chozi la baba yake tangu alipozaliwa.

"Matoazi," Mzee Shaba alisema. "Sikieni matoazi!"

Wimbo ulipokwisha alijifuta kwa leso ileile aliyokung'utia kiti.

"Miaka, kijana. Miaka nimeyatafuta haya. Kila santuri ninayoweka naona yamefifia, yamezama, nasema hawa mafundi wa siku hizi wamelala. Hata jukwaani hayakuwapo! Mpiga dramu wangu Fimbo, mnamjua, tuliingia wote ghalani vijana. Mwaka juzi nilimfukuza kwenye bendi. Nilimwambia mbele za watu, umezeeka, unayapapasa matoazi kama unayafuta vumbi. Hakunijibu. Alikunja vitu vyake akaondoka. Lakini humu! Msikieni humu alivyokuwa na nguvu!"

Pumzi akamtazama Sikio, na Sikio alikuwa ameelewa. Wote wawili walielewa kwa pamoja, kule kuelewana kwao bila neno ambako siku nyingine kungewafanya wacheke. Yule mzee alikuwa amelia kwa furaha kwa sababu masikio yake yalikuwa yamekufa palepale yalipokufa ya Sikio.

Mzee Shaba alisimama. Akanyoosha mkono.

"Nilikuja na hapana mfukoni," alisema. "Nakiri. Nilikuja nayo imeiva. Lakini mtu aliyenirudishia matoazi yangu siwezi kumnyima kitu. Mchukue binti yangu. Waambie wazazi wako tutakutana. Mchukue!"

Hii ilikuwa ile "ndiyo" aliyoiota Pumzi usiku na mchana. Ilikuwa imesemwa, kwa sauti kubwa, na mkono wa baba yake ulikuwa umeushika wa Sikio. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya. Akakaa kimya. Alijiambia atasema kesho, ingawa alijua kesho ni siku ya kiwanda. Alijiambia labda watu hawatagundua, ingawa kila mtu mwenye masikio mazima angegundua kabla besi haijamaliza. Watu wangeipiga santuri ya baba yake, wakunje uso, waseme kumbe mzee huyu alikuwa anapiga makelele tu. Na yeye angekuwa ameolewa.

Mlango uligongwa tena. Alikuwa mjumbe wa kiwanda, mtu mnene mchangamfu, mwenye mkoba wa ngozi.

"Hodi, wakubwa! Tayari nichukue?"

"Chukua!" alisema Mzee Shaba. "Na uwaambie kiwandani wasiguse chochote. Waichape hivihivi."

Sikio aliitoa tepu kwenye mashine. Aliiweka ndani ya boksi lake polepole mno. Alimpa mjumbe. Pumzi aliliona boksi likiingia kwenye mkoba, akasikia zipu ikifungwa, akasikia viatu vya mjumbe vikielekea mlangoni, na bado mdomo wake haukufunguka. Aliona aibu. Aliogopa kusema na aliogopa kutosema, na katikati ya hofu hizo mbili alisimama kama gogo.

"Kaka," Sikio alisema. "Simama."

Mjumbe akasimama.

"Naomba uirudishe. Haiko tayari."

"Haiko tayari nini?" Mzee Shaba aliuliza. "Mimi nimeshasema iko tayari. Ni albamu yangu."

"Mzee." Sikio alimgeukia. Pumzi alitaka kumpigia kelele anyamaze, anyamaze, wameshapewa! "Mzee, nimeiharibu. Masikio yangu ni mabovu. Sauti za juu sizisikii, kwa hiyo nimezipandisha mpaka nizisikie. Mtu mwenye masikio mazima akiisikiliza itamwumiza."

"Mimi nimeisikiliza. Sikuumia."

"Ndiyo, mzee."

Ilimchukua mzee muda kidogo kuelewa. Mzee Shaba alikuwa bado anatabasamu, na tabasamu lilikaa usoni pake baada ya sababu yake kuondoka.

"Unasema nini wewe?" alisema kwa sauti ndogo. "Unaniambia mimi? Mimi nilikuwa napuliza wakati babu yako hajanunua redio!" Mkongojo ukagonga sakafu, na mjumbe akarudi nyuma hatua moja. "Mama! Mwambie huyu. Wewe una masikio yangu. Mwambie!"

Wote watatu walimgeukia. Pumzi alikuwa na mgongo ukutani na hakuwa na pa kwenda zaidi. Aliyatazama macho ya baba yake na kuona kitu ambacho hakuwahi kukiona humo. Baba yake alikuwa anaogopa. Alikuwa anaomba, yule mzee asiyesubiri milango, alikuwa anaomba aongopewe.

"Yananiumiza, baba," Pumzi alisema, na machozi yakamwagika. "Tangu yalipoanza. Tarumbeta lako pia. Si wewe. Kila mtu atasema si wewe."

Mzee Shaba aliketi chini, si kwa kupenda. Mjumbe wa kiwanda, ambaye hakuwa ameelewa hata nusu, alifungua mkoba, akaweka boksi mezani kwa adabu, akatoka akivuta mlango taratibu kama anatoka kwa mgonjwa.

"Alikuwa anayapiga," Mzee Shaba alisema.

"Nani, baba?"

"Fimbo. Alikuwa anayapiga. Alikuwa anayapiga siku zote, na mimi nikamwambia mbele za watu." Alijishika sikio kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu alichoazimwa. "Na hakunijibu. Lazima alijua. Yule mshenzi alijua, akaona bora aondoke kuliko kuniambia."

Alisimama kwa shida. Pumzi alimkimbilia, akamshika mkono, na baba yake hakuukataa. Mlangoni mzee aligeuka.

"Wewe kijana. Ulikuwa naye mkononi. Nilikuwa nimeshakupa. Kwa nini?"

"Ningempata yeye na kuizika albamu yako, mzee," Sikio alisema. "Naye angekuwa anaisikia kila siku. Mimi nisingeisikia."

Mzee Shaba alimtazama sana. Hakusema ndiyo tena, wala hakusema hapana. Alimtoa binti yake nje, kwenye ngazi, akavuta mlango.

"Nakwenda kwa Fimbo," alisema. "Sijui kama atanifungulia. Albamu usafishe wewe. Yeye akuonyeshe vitufe, wewe usikilize."

"Na sisi, baba?"

Mzee alivitazama viatu vyake. "Mimi ni baba yako, siwezi kukuficha. Naogopa. Utapuliza saksafoni maisha yako yote nyumbani kwa mtu ambaye siku moja hatakusikia. Utalia chumba cha pili naye yuko anasoma. Mama yako ameishi na mtu wa namna hiyo na hata mimi mwenyewe sikujua kwamba mtu huyo ni mimi. Muulize amechoka kiasi gani." Alimshika kidevu. "Sikukatazi. Nilisema neno langu na silirudishi. Lakini nilikuwa nalisema gizani, kwa hiyo sasa la mwisho ni lako."

Akashuka ngazi, mkongojo ukitangulia. Pumzi alibaki akisikiliza mpaka mlango wa chini ulipofungwa. Kila kitu alikisikia, hata mkwaruzo wa bawaba. Alijiuliza ni vingapi kati ya hivyo ambavyo wanaume wake wawili walikuwa wameshaviaga bila kujua.

Aliporudi ndani, Sikio alikuwa ameketi kwenye kiti cha katikati, ameupa mlango mgongo, kichwa mikononi. Hakugeuka. Hakuwa amesikia mlango.

"Ukirudi," alikuwa anasema, kwa mtu aliyedhani hayupo, "nitakuambia uende. Nitakuambia vizuri. Nitasema tafuta mwenye masikio mazima. Nitasema sikasiriki."

Pumzi alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kuona shingo yake ilivyolowa jasho kwenye kola ya lile shati jeupe. Aliogopa kujua, lakini ilimbidi ajue. Akainama kidogo, akanong'ona kwenye kisogo chake.

"Siendi popote."

Sikio hakusogea hata unywele.

Akasema tena, juu zaidi ya mnong'ono. Bado. Hofu ilimpanda kutoka miguuni, baridi, kwa kuwa hakuwa anafikiria tena mambo ya miaka ijayo. Jambo lenyewe lilikuwa limeshafika, lilikuwa humo chumbani, na sauti iliyopotea ilikuwa yake. Mlango ulikuwa hatua chache tu nyuma yake na ulikuwa wazi.

Akakizunguka kiti, akapiga magoti mbele yake. Sikio alishtuka, akamtazama, na macho yake yakashuka moja kwa moja mdomoni mwake, yakatulia hapo, kama yalivyokuwa yakifanya kila alipozungumza naye tangu walipojuana. Siku zote hizo Pumzi alikuwa amedhani ni hamu ya busu. Alikuwa amewaringia marafiki zake kwa ajili ya macho hayo.

Aliushika uso wake kwa mikono miwili. Akafumbua midomo, akasema tena maneno yaleyale mawili, polepole, bila kutoa sauti hata chembe.

Sikio akamjibu, "Una hakika?"